Matope ya Ziwa Tanganyika, dagaa na eneo la mazalia: visukuku vinaweza kusema nini na wapi vinanyamaza

Swali: Mimi ni katibu wa BMU, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi, katika mwalo mmoja wilayani Uvinza, Kigoma. Kwenye semina tuliambiwa kwamba visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale, vilivyotolewa chini ya ziwa vinaonyesha samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi wa kibiashara, kwa sababu ya joto. Wavuvi wakatoka wakisema: kumbe si sisi, sasa kwa nini tufungiwe ziwa miezi mitatu? Je, kisukuku kinaweza kweli kusema hivyo? Na sisi tunaotaka kutenga eneo la mazalia ya samaki, kinatusaidia nini?

Jibu: Ndugu katibu, wavuvi wako wameondoka na nusu ya habari, na ni ile nusu inayowapendeza. Matope ya chini ya ziwa yanaonyesha kwamba joto limepunguza kiasi cha samaki ambacho Ziwa Tanganyika linaweza kuzalisha. Hayaonyeshi kwamba nyavu hazina hatia. Ziwa linalozaa kidogo haliwezi kubeba uvuvi uleule wa zamani, kwa hiyo ushahidi huo unaidai BMU ikaze zaidi, siyo ilegeze.

Neno kisukuku huwapa wengi picha ya mifupa ya Tendaguru, mijusi wakubwa kuliko nyumba. Vya ziwani vinahitaji hadubini. Ni magamba, meno na vipande vya mifupa ya dagaa na samaki wengine. Ni vikasha vya kioo vya diatomu, yaani mwani mdogo ulio chini kabisa ya mnyororo wa chakula. Ni maganda ya ostrakodi, viumbe wa jamii ya kamba wenye urefu wa milimita moja hivi na maganda mawili yanayofunga kama kombe. Na ni makombe ya konokono, ambayo hayo unayaona kwa macho. Kila mwaka kiasi fulani cha vitu hivi huzama, hufunikwa na tope, na juu yake tope la mwaka unaofuata. Ziwa hujiandikia daftari lake bila kumuuliza ofisa takwimu.

Tanganyika lina bahati ambayo maziwa mengi hayana. Kina chake kinafika mita 1,470, lakini oksijeni haifiki huko. Kaskazini inakwisha kwenye mita 100 hivi, kusini inaweza kuvuka 200. Chini ya hapo hakuna mnyoo, kaa wala konokono wa kufukuafukua, kwa hiyo matabaka hukaa jinsi yalivyotua. Juu ya mpaka huo wanyama huchanganya tope, na daftari huwa limesuguliwa. Kumbuka jambo hili, maana nitalirudia tukifika kwenye makombe.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Bomba la plastiki lenye uzito juu hushushwa kwa kamba kutoka kwenye meli hadi lizame katika tope, kisha hupandishwa likiwa na nguzo ya matope ndani. Nguzo hukatwa vipande vya nusu sentimita au sentimita moja. Kila kipande hugawanywa: sehemu ya kupima umri, sehemu ya diatomu inayosafishwa kwa kemikali, na sehemu inayooshwa kwenye chekeche laini sana ili mabaki ya samaki na ostrakodi yabaki. Halafu mtu anakaa kwenye hadubini na kuhesabu, kipande baada ya kipande. Samaki wa jamii ya dagaa hutambulika kwa magamba yao membamba yenye ukingo laini, wakati magamba ya sikilidi, samaki wa jamii ya sato na perege, kwa kawaida yana vijino upande mmoja.

Umri hupimwa kwa njia mbili. Tope la juu hupimwa kwa risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mionzi, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 22 na ushei, hivyo baada ya miaka 120 hadi 150 hubaki kidogo mno kupimika. Tope la chini zaidi hupimwa kwa kaboni-14, kaboni yenye mionzi, ambayo nusu-uhai wake, yaani muda wa kupungua nusu, ni miaka 5,730. Katikati pana ukungu: kwa kipindi cha kuanzia takriban mwaka 1650 hadi 1950 kaboni-14 hutoa majibu mawili au matatu kwa sampuli moja, kwa sababu kiwango chake angani kilikuwa kikipanda na kushuka. Ukiona mchoro unaodai kujua kilichotokea mwaka 1740 hasa, uwe na shaka.

Mambo yanayoharibu kazi hii ni mengi. Manne yana uzito kwako, kwa sababu mtafiti akija mwaloni na matokeo una haki ya kumuuliza kuhusu kila moja.

La kwanza ni tope la juu kupotea. Bomba likishuka kwa kasi husukuma maji mbele yake, na maji hayo hupeperusha lile tope jepesi kama uji lililo juu kabisa. Miaka 20 au 30 ya mwisho inaondoka, na hiyo ndiyo unayoitaka. Ishara ya bomba zuri ni maji ya juu yake kuwa maangavu na uso wa tope kuwa sawa.

La pili ni maporomoko. Kingo za ziwa hili ni mteremko mkali, na tope la mtoni hushuka chini kwa mkupuo, mara nyingine likifunika tope jipya kwa la zamani. Ndiyo maana bomba lililochukuliwa mbele ya mdomo wa mto mkubwa halifai kwa historia ya samaki, hata kama ni rahisi kulifikia.

La tatu ni umri wa uongo wa makombe. Maji ya kina yana kaboni ya kale iliyoyeyuka. Yakipanda juu, konokono huijengea kombe lake, na maabara huliona lina umri mkubwa kuliko wa kweli. Kinga yake ni kupima jani, kijiti au mkaa uliotoka nchi kavu na kunaswa kwenye tabaka hilohilo.

La nne ndilo linalowapotosha hata wasomi: kuhesabu mabaki kwa gramu ya tope na kuishia hapo. Chukua mfano wa hesabu tu. Tabaka la zamani lina vipande 40 vya samaki kwa gramu, na wakati huo sakafu ilikuwa ikipokea gramu 0.03 za tope kavu kwa kila sentimita ya mraba kwa mwaka. Tabaka jipya lina vipande 20 kwa gramu. Wamepungua nusu? Kama mashamba yamefyekwa milimani na tope sasa linashuka kwa gramu 0.06, basi 40 mara 0.03 ni 1.2, na 20 mara 0.06 ni 1.2 vilevile. Samaki hawajapungua hata kidogo, wamezimuliwa na udongo tu, kama chai iliyoongezwa maji. Idadi inayohitajika ni ya vipande kwa eneo kwa mwaka. Mtafiti akikuonyesha mchoro, swali lako la kwanza liwe hilo.

Sasa matokeo yenyewe. Utafiti mliosimuliwa semina bila shaka ni ule uliochapishwa mwaka 2016, uliofuata matope ya takriban miaka 1,500 nyuma. Uligundua kwamba kupungua kwa samaki wanaovuliwa na kwa konokono wa asili wa ziwa hili kulianza mapema kuliko uvuvi wa kibiashara, ambao ulishika kasi katikati ya karne ya 20. Katika vituo viwili kati ya vitatu, mabaki ya samaki ya mwishoni mwa karne hiyo yalikuwa machache kuliko wakati wowote katika miaka 1,000. Diatomu zilishuka pamoja nao, huku maji yakiongezeka joto. Na sehemu ya sakafu yenye oksijeni, katika maeneo yaliyochunguzwa, ilikuwa imepungua kwa asilimia 38.

Kwa maoni yangu tarehe ya kuanza kupungua siyo ushahidi wenye nguvu zaidi hapo. Nguvu iko kwenye uwiano wa miaka 500 ambao utafiti huohuo uliupata: maji yakipata joto mabaki ya samaki na konokono hupungua, yakipoa huongezeka. Sehemu kubwa ya miaka hiyo haikuwa na injini, karabai wala taa za sola. Huwezi kumsingizia mvuvi wa mtumbwi wa karne ya 17.

Sababu ya joto kufanya hivyo ni rahisi kueleza hata kwenye kikao. Maji ya juu ni ya moto, ya chini ni ya baridi na mazito, na tofauti yake ni nyuzi tatu hivi tu. Mbolea ya ziwa, yaani virutubisho, imekaa chini. Upepo wa kusi wa kuanzia Mei hadi Septemba huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, ya chini yakapanda upande wa kusini, mwani ukastawi, vijidudu vikala mwani, dagaa wakala vijidudu, mgebuka wakala dagaa. Joto likiongezeka juu, maji ya juu huwa mepesi zaidi na upepo uleule hushindwa kuyachanganya. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: nyuzi moja kwenye maji ya nyuzi 26 hubadilisha uzito wa maji takriban mara kumi zaidi ya nyuzi moja kwenye maji ya nyuzi 5. Ndiyo maana ongezeko linaloonekana dogo, ambalo ziwa la Ulaya lingelivumilia wakati wa baridi, hapa linafunga mlango. Joto la uso wa ziwa, linaloweza kusomwa kutoka kwenye mafuta ya vijidudu yaliyobaki katika tope, limefika takriban nyuzi 26, kiwango ambacho hakionekani kwingine kokote katika miaka hiyo 1,500.

Usije ukafikiri wataalamu wote waliimba wimbo mmoja tangu mwanzo. Mwaka 2003 zilitoka tafiti mbili zilizohusisha joto na kudhoofika kwa ziwa, na moja ilikadiria uzalishaji wa mwani umeshuka kwa asilimia 20 hivi, jambo ambalo lingepunguza samaki kwa takriban asilimia 30. Mwaka 2006 wengine wakajibu kwamba takwimu za mavuno zinafuata zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe: meli kubwa ziliondoka, zana zikabadilika, vita vikaingia. Walikuwa na hoja. Takwimu za mwaloni hupima samaki na wavuvi kwa pamoja, huwezi kuwatenganisha. Tope halijui nani alikwenda ziwani usiku ule. Hapo ndipo kisukuku kinapoingia na kuvunja ubishi.

Kuna mfano wa nje unaofaa kukumbukwa. Kwenye pwani ya California, Marekani, magamba ya dagaa yaliyozama mahali pasipo na oksijeni yamehesabiwa kwa miaka 1,700, na yanaonyesha samaki hao wakianguka na kuinuka mara tisa, karibu zote kabla ya uvuvi wa viwandani. Watu husoma hilo kama msamaha kwa wavuvi. Ni kinyume chake: kama kundi la samaki huanguka lenyewe mara kwa mara, basi kulivua kwa nguvu wakati linaanguka ni kulinyima nafasi ya kuinuka.

Kwa hiyo, unapopanga uhifadhi, usitumie tope kutafuta mshitakiwa mmoja. Watuhumiwa ni watatu, joto, udongo na uvuvi, na kila mmoja huacha alama tofauti.

Joto hupiga ziwa zima, na hupiga diatomu na samaki wa maji ya wazi kwa pamoja. Wavu haukamati diatomu. Ukikuta vyote viwili vimeshuka hata mbele ya milima yenye msitu uliosimama, hiyo ni alama ya joto. Udongo hupiga karibu na nchi kavu, mbele ya mabonde yaliyolimwa: kasi ya tope hupanda, ostrakodi na konokono wa kwenye mawe hupotea, wanaovumilia tope huchukua nafasi, na samaki wa maji ya wazi hawaonyeshi badiliko katika tabaka lilelile. Matope ya kaskazini, upande wa Burundi ambako watu ni wengi na milima ililimwa mapema, yana alama hiyo zamani zaidi kuliko ya upande wa Tanzania. Uvuvi hupiga wakubwa kwanza, sangala na kuhe. Hapo tope ni shahidi dhaifu: samaki mkubwa mmoja huacha mifupa michache, nayo mara nyingi haiangukii ndani ya bomba lenye upana wa kiganja. Kwa uvuvi, amini takwimu zako za mwaloni kuliko kisukuku.

Tuje kwenye eneo la mazalia, maana hapo ile asilimia 38 inageuka kazi. Samaki na konokono wa sakafuni wanabanwa pande mbili. Kutoka chini, maji yasiyo na oksijeni yanapanda. Kutoka juu, udongo unashuka. Wanaishi katika ukanda ulio katikati, na upana wa ukanda huo unategemea mteremko wa ufuko wenu. Mahali sakafu inaposhuka mita 1 kwa kila mita 20 za kwenda ziwani, mpaka wa oksijeni ukipanda mita 10 unapoteza mita 200 za sakafu. Kwenye jabali linaloshuka mita kwa mita, unapoteza mita 10 tu. Kwa hiyo ghuba pana zenye mchanga ndizo zinazopoteza eneo kubwa zaidi kwa joto, na majabali ndiyo yanayohimili. Lakini mazalia mengi ya mchangani yako kwenye ghuba hizohizo, na ndiko makokoro hupita. Ningekuwa nashauri kamati yenu, ningetenga vyote viwili vikiwa vimeungana: jabali kama kimbilio la muda mrefu, na kipande cha ghuba kisichopitiwa na kokoro, kinachoanzia ufukweni na kushuka bila kukatizwa. Kikanda kirefu kinachofuata ufuko lakini chembamba ni kosa la kawaida. Huonekana kikubwa kwenye ramani, ila mnyama anayefukuzwa na maji mabaya hawezi kupanda ndani yake bila kutoka nje ya mpaka.

Mpaka wa chini uwekwe kwa kina kilichopimwa, siyo kwa umbali wa kukisia. Kifaa ni kipimo cha oksijeni chenye waya mrefu. Kwa ufuko wa katikati ya ziwa ningetaka waya usiopungua mita 150. Pima kila mita 10, na tafuta mahali oksijeni inaposhuka chini ya miligramu 2 kwa lita. Tahadhari ni moja: usipime siku moja ukaondoka. Tabaka la chini la ziwa hili huyumba kama maji kwenye beseni lililosukumwa, likipanda na kushuka kwa makumi ya mita katika mzunguko wa karibu mwezi mzima. Kipimo cha siku moja kinaweza kukudanganya kwa mita 30. Pima mara moja kwa wiki kwa wiki sita, mzunguko mmoja wa hivyo wakati wa kusi na mwingine wakati wa masika, kisha tumia kina kifupi kuliko vyote mlivyopata. Kifaa mtaazima, haina haja ya kununua. Anzeni na TAFIRI Kigoma, taasisi ya utafiti wa uvuvi, na mkishirikiana na mtafiti wa nje hakikisheni ana kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kabla hajatia bomba majini.

Alama za mpaka pia zisifungwe kwenye mti ulio ukingoni mwa maji. Mwishoni mwa miaka ya 1870 ziwa lilivunja kizuizi cha Mto Lukuga likaanza kutoka kwa nguvu, na katika miongo iliyofuata likashuka takriban mita 10. Miaka hii ya karibuni limepanda hadi kuingia mitaa ya Bujumbura. Andikeni mpaka kwa GPS na kwa kina. Upande wa nchi kavu mnayo sheria tayari: zile mita 60 za Sheria ya Mazingira ya 2004. Kuzisimamia kwenye mito miwili mitatu inayoingia kwenye eneo lenu kutasaidia zaidi ya kuongeza kilomita za hifadhi majini, kwa sababu joto hamtalizima ninyi, ila udongo mnaweza kuuzuia.

Kuna kipimo kimoja cha visukuku ambacho BMU inaweza kukifanya bila meli: kulinganisha makombe ya konokono waliokufa na konokono walio hai. Mantiki yake ni kwamba makombe sakafuni ni orodha ya walioishi hapo, na walio hai ni orodha ya waliobaki. Spishi iliyo nyingi kwenye makombe na haipo kati ya walio hai ni ya kutiliwa shaka.

Tumia kikamatio kidogo cha kushusha kwa kamba, kile chenye mdomo wa sentimita 15 kwa 15 hivi. Msimpeleke kijana kuzamia mita 20 kwa miwani na pumzi. Chagueni vituo vitatu angalau: kimoja mbele ya mdomo wa mto unaoleta tope, viwili mbali nao, kwenye sakafu ya aina ileile. Katika kila kituo shusheni kwenye mita 5, 10 na 20, mara tano kila kina. Kokoto na jabali vitazuia kikamatio kufunga, na mtupo ambao haukufunga vizuri utupwe, usihesabiwe. Osheni kwenye chekeche ya milimita 1. Wenye mnyama ndani, au kifuniko cha mdomo kilichoshikamana, ni hai. Waliobaki ni makombe. Hesabuni spishi kwa spishi, mkipiga picha kila aina pamoja na rula, ili mtaalamu arekebishe majina baadaye. Msipojua jina la kisayansi andikeni A, B, C. Jina litakuja, ila idadi isiyoandikwa hairudi.

Kusoma matokeo kunahitaji subira. Nilisema hapo juu kwamba juu ya mpaka wa oksijeni tope huchanganywa. Kwa sababu hiyo makombe mnayoyapata siyo ya msimu uliopita. Kwenye vitanda vya makombe ya Neothauma, yule konokono mkubwa wa ziwa hili, vipimo vya kaboni vimetoa umri wa mamia ya miaka, na mengine zaidi ya elfu. Kwa hiyo msitangaze kwamba Neothauma amekufa juzi kwa sababu mmekuta makombe mia na hai hakuna. Tengeni makombe kwa hali: yenye mng'ao na ngozi ya nje ni ya karibuni, yaliyopauka kama chokaa, kutoboka au kuota ukoko yamekaa. Linganisheni hai na yale yenye mng'ao kwanza. Tofauti kati ya kituo cha mtoni na vituo vya mbali, kwa kina kilekile, ina maana zaidi kuliko idadi ya kituo kimoja. Na mkimaliza, rudisheni makombe majini mlipoyatoa. Kuna sikilidi wadogo wanaozalia ndani ya makombe matupu na hawana nyumba nyingine. Kitanda cha makombe kilichokusanywa na ziwa kwa karne kadhaa kingekuwa cha kwanza kwenye orodha yangu ya kutengwa, kwa sababu konokono wakishapungua hakuna anayekijenga upya.

Yako mambo ambayo kisukuku hakitakujibu. Hakitakupa tani. Kitasema ziwa lilikuwa na samaki wengi zaidi mwaka 1500 kuliko 1990, hakitasema mvue tani ngapi 2027. Hakiwezi pia kuahidi yajayo, kwa kuwa joto la sasa limeshavuka kila kilichoandikwa kwenye kurasa hizo 1,500. Mwelekeo unausoma, lakini mahali utakapoishia hakuna tabaka lililoandika. Na msitumie mifano ya Ziwa Viktoria bila kufikiri. Lile lina kina cha mita 80 hivi, lilikauka mwishoni mwa zama za barafu, na likapandikizwa sangara. Magonjwa yake ni mengine.

Wala tope halitawaonyesha kama kufunga ziwa kumesaidia. Tanzania ilipofunga kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, miezi hiyo mitatu ikawa karatasi nyembamba ndani ya sentimita ya tope ambayo, kama linatua milimita moja kwa mwaka, imebeba miaka kumi. Kufunga hupimwa mwaloni. Chukueni dagaa 100 bila kuchagua, usiku mmoja kila wiki, mpime urefu wao na kuandika wangapi wako chini ya sentimita 7, kimo ambacho dagaa wa ziwa hili huwa wanaanza kukomaa. Anzeni wiki sita kabla ya kufunga na mwendelee miezi mitatu baada ya kufungua. Samaki huyu wengi wao hawamalizi hata miaka miwili, kwa hiyo jibu halichelewi.

Kwenye kikao, wavuvi wakirudia kwamba tope limewasafisha, waambie hesabu iko hivi: kama joto limeondoa samaki 30 kati ya kila 100 ambao ziwa lingezalisha, waliobaki ni 70, na mitumbwi haikupungua kwa thelathini. Kisha fungua daftari la vipimo vya dagaa na usome asilimia ya wachanga waliouzwa wiki iliyopita.